Uvuvi wa Burudani kwa Mashua za Kukodi Pwani ya Kenya: Maji, Misimu na Masharti

Upepo wa kusi unapoanza kutulia mwezi Agosti, mashua za uvuvi wa burudani hurejeshwa majini Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa, Diani na Shimoni baada ya kukaa nchi kavu zikifanyiwa matengenezo. Huo ndio mwanzo wa msimu unaoendelea hadi Machi au mapema Aprili, na sehemu yake yenye shughuli nyingi zaidi huangukia likizo ya Desemba, wakati Wakenya wengi kutoka bara huteremka pwani. Zamani safari hizi zilihesabiwa kuwa anasa ya wageni kutoka ng'ambo. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, aliyevua katika pwani hii mwaka 1934 na tena mwaka 1954, ndiye anayetajwa zaidi katika simulizi za hoteli. Siku hizi familia za Nairobi, Nakuru na Kisumu nazo hukodi mashua, nyingi kwa mara ya kwanza, na nyingi bila kujua leseni ipi inatakiwa, maji yapi yamefungwa, wala samaki anayevuliwa ni mali ya nani.

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Sulisuli anayemletea mgeni furaha ya nusu saa, kisha akaachiliwa arudi baharini, ni sulisuli yule yule ambaye mvuvi wa Mayungu au Ngomeni humtafuta alfajiri kwa jarife ili apate karo ya mtoto. Bahari ni moja, na kila mmoja wao anao uhalali wake. Namna wanavyoelewana itaamua kama biashara hii itadumu.

Maji ya ndani: mahori na mikoko

Safari za uvuvi za pwani ya Kenya hugawanyika katika sehemu mbili zisizofanana: maji ya ndani, yaani mahori, mikoko na maji ya kina kifupi nyuma ya miamba ya matumbawe, na maji ya nje, ng'ambo ya mwamba, ambako sakafu ya bahari hushuka ghafla.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za misitu ya mikoko, na zaidi ya nusu ya misitu hiyo imo Lamu. Kusini mwa Lamu ipo mikoko ya Mida, Kilifi, Mtwapa, Tudor, Gazi na Vanga. Mizizi ya mikoko ndiyo kitalu cha samaki wadogo wa aina nyingi ambao baadaye huhamia kwenye miamba na bahari ya wazi. Mvuvi wa burudani anayeingia humo kwa mashua nyepesi hutafuta kolekole, kungu, mzia na chewa, na hutumia fimbo fupi, mshipi mwembamba na chambo cha kamba au samaki mdogo. Mwatiko naye hupatikana kwa wingi katika baadhi ya mahori, lakini ni nadra kula chambo cha ndoana, na wengi huishia kumtazama tu akiruka.

Katika maji haya saa haihesabiwi kwa saa ya mkononi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4, na mkondo katika mlango wa hori huwa mkali. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua na samaki hutawanyika. Nahodha mzoefu huingia maji yakianza kujaa, huvua kando ya mikoko kadiri yanavyopanda, na hutoka kabla hayajapwa kiasi cha kumwacha amekwama matopeni hadi jioni. Mteja anayedai kuondoka saa tatu asubuhi kwa sababu ndipo anapomaliza kifungua kinywa hujipunguzia mwenyewe thamani ya fedha aliyolipa.

Jambo la kuzingatia zaidi hapa ni mipaka ya maeneo yaliyohifadhiwa. Mbuga za Kitaifa za Baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na zilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika. Mbuga ya Watamu ina ukubwa wa takriban kilomita 10 za mraba, na ya Malindi takriban 6. Ndani ya mbuga hakuna uvuvi wa aina yoyote, uwe wa nyavu, wa ndoana au wa kuokota chaza. Mashua inaweza kupita, lakini haiwezi kutupa mshipi. Nje ya mbuga ipo hifadhi ya baharini, ambayo hori la Mida ni sehemu yake. Humo uvuvi wa kienyeji unaosimamiwa huruhusiwa, na jamii za kandokando zimeutegemea kwa vizazi vingi. Watu wengi huchanganya mbuga na hifadhi, na baadhi ya wauzaji wa safari ufuoni huchanganya kwa makusudi. Anayetaka kuvua kwa fimbo ndani ya hori la Mida aulize kwanza katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyoko Watamu, badala ya kutegemea neno la anayemuuzia safari.

Hori la Kilifi halimo ndani ya mbuga, na kwa sababu hiyo limekuwa mahali pa kawaida pa safari fupi za nusu siku, hasa kwa wenye watoto au wanaoogopa mawimbi. Hata hivyo wako wavuvi wa nyavu na mitego ya madema wanaolitegemea hori hilo. Boya dogo la chupa ya plastiki linaloelea peke yake si takataka. Ni alama ya dema la mtu, na mashua inayolikata kwa rafadha humwachia mwenyewe hasara.

Maji ya nje: ng'ambo ya mwamba

Kando ya sehemu kubwa ya pwani ya kusini na kati, ukanda wa bahari ya kina kifupi ni mwembamba. Mashua inayotoka Watamu hufikia maji ya kina kikubwa baada ya mwendo wa muda mfupi, na hiyo ni faida ambayo bandari nyingi za uvuvi wa burudani duniani hazina. Kuelekea kaskazini, katika Ghuba ya Ungwana, ukanda huo hupanuka, na zaidi ya kilomita 50 kutoka ufuoni kuna miinuko ya chini ya bahari inayojulikana kama Kingo za Kaskazini mwa Kenya. Huko mashua hulala usiku mmoja au zaidi.

Sababu ya samaki wakubwa kukusanyika huko ni mikondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka na kuja kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya kisha ikaelekea baharini. Pale inapokutana, maji baridi yenye virutubisho huinuka kutoka chini, viumbe wadogo huongezeka, dagaa na vibua hufuata, na nyuma yao huja jodari, fulusi, nguru, sulisuli na nduaro.

Majina ya Kiswahili ya samaki wenye mdomo mrefu hayafanani kutoka bandari moja hadi nyingine. Katika makala haya sulisuli ni yule ambaye pezi lake la mgongoni ni pana kama tanga, na nduaro ni wale wakubwa zaidi wasio na tanga, ambao wageni huwaita marlin, nao ni wa aina tatu: mweusi, wa buluu na wa milia. Mwingine ni samaki-upanga, anayeishi kilindini mchana na kupanda karibu na uso wa maji usiku, ndiyo maana huvuliwa gizani kwa chambo cha ngisi na taa ndogo iliyofungwa kwenye mshipi. Mahali ambapo samaki hao wote hupatikana kutoka bandari moja katika msimu mmoja si pengi duniani, na jina la Watamu miongoni mwa wavuvi wa burudani limetokana na hilo.

Kalenda ya mwaka ina mpangilio ambao manahodha hawaupingi sana. Agosti hadi Oktoba ni miezi ya jodari, pamoja na nguru na fulusi, huku bahari ikiwa bado na mawimbi ya masalio ya kusi. Kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari sulisuli hufika kwa wingi mbele ya Malindi na Watamu. Mto Sabaki unaposhusha matope ya mvua, mstari huonekana baharini kati ya maji ya kahawia na maji ya buluu, na nahodha huifuata kingo hiyo kwa subira kwa sababu samaki wadogo hujificha upande mmoja na wakubwa huwavizia upande wa pili. Januari hadi Machi ni wakati wa nduaro, kaskazini kwenye miinuko ya chini ya bahari na kusini katika Mlango wa Pemba, ambako bahari mbele ya Shimoni hufikia kina cha mamia ya mita karibu na nchi kavu. Aprili hadi Julai mvua na kusi huwazuia wengi. Mwenye mashua anayekubali kumtoa mteja nje ya mwamba katikati ya Juni kwa bei ya punguzo huenda anahitaji fedha kuliko anavyohitaji sifa njema.

Uvuvi wenyewe hufanywa kwa kukokota chambo nyuma ya mashua kwa mwendo wa wastani. Chambo huwa cha bandia, au samaki halisi kama chuchunge. Samaki anapokamata, mabaharia hukusanya mishipi mingine haraka, mteja hukabidhiwa fimbo, na nahodha huiongoza mashua ili mshipi usilegee. Sehemu kubwa ya kazi, kusema kweli, hufanywa na nahodha. Mteja huzungusha gurudumu.

Leseni, ukaguzi na usalama

Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ndiyo iliyounda Huduma ya Uvuvi ya Kenya, na chini yake uvuvi wa burudani unahitaji leseni. Leseni ya mashua na leseni ya mvuvi ni vitu viwili tofauti. Kampuni nyingi humpatia mteja leseni yake ya muda na kuijumuisha katika bei, lakini mteja ana haki ya kuiona karatasi hiyo kabla ya kupanda. Ada na masharti hubadilishwa kwa kanuni mara kwa mara, kwa hiyo kiwango kinachotumika huthibitishwa katika ofisi ya uvuvi ya kaunti husika au ya Huduma ya Uvuvi.

Usalama wa chombo ni jukumu la Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari ya Kenya, KMA, ambayo hukagua vyombo vidogo, hutoa vyeti vya usalama na huwapima wanaoviendesha. Cheti huonyesha idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda. Idadi hiyo inajumuisha mabaharia na watoto. Ajali nyingi za vyombo vidogo huanzia ufuoni, pale watu wawili wa ziada wanapokubaliwa kwa sababu ni ndugu wa mteja.

Kabla ya kulipa amana, mwananchi aulize mambo machache na asikilize jinsi yanavyojibiwa. Je, kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila aliyemo, likiwemo la ukubwa wa mtoto? Je, redio ya mawasiliano inafanya kazi, na nahodha anaweza kuonyesha chaneli 16, ambayo ni ya kuomba msaada? Je, mashua ina injini mbili, au moja pamoja na ya akiba? Simu ya mkononi haitoshi, kwa kuwa mtandao huweza kukatika. Nani nchi kavu anajua saa ya kurudi? Kituo cha Kanda cha Uratibu wa Uokoaji Baharini kimekuwa Mombasa tangu mwaka 2006, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Lakini uokoaji huanza na mtu aliyegundua kwamba mashua haijarudi. Nahodha asiyeacha taarifa kwa mtu yeyote huwanyima wateja wake saa za kwanza za kutafutwa, ambazo ndizo zenye thamani zaidi.

Utabiri wa hali ya bahari hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa. Nahodha akiahirisha safari kwa sababu ya upepo, uamuzi wake uheshimiwe na makubaliano ya kurejesha fedha au kubadili siku yawe yameandikwa tangu mwanzo. Hapa ndipo malalamiko mengi hutokea, na mengi yangeepukika kwa risiti yenye maneno matatu zaidi. Kampuni zinazouza safari za utalii husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na mteja aliyedhulumiwa anaweza kupeleka lalamiko lake huko akiwa na risiti na jina la chombo lililoandikwa ubavuni. Aliyemlipa kijana wa ufuoni fedha taslimu bila karatasi hana cha kupeleka.

Samaki ni wa nani

Ni desturi katika mashua nyingi za pwani kwamba samaki wa kuliwa, kama jodari, nguru na fulusi, huhesabiwa kuwa wa mashua. Mteja hupewa kiasi cha kula yeye na familia yake, na wanaosalia huuzwa kupunguza gharama ya mafuta. Mgeni asiyeelezwa desturi hii hurudi bandarini akidhani ameibiwa. Mwenye mashua anayefanya biashara kwa uaminifu huieleza kabla ya kung'oa nanga. Mabaharia kwa upande wao hutegemea sana bahashishi, na wengi wao ni watoto wa wavuvi waliojifunza bahari katika ngalawa za wazee wao.

Kwa sulisuli, nduaro na samaki-upanga mambo ni tofauti. Kampuni nyingi za Watamu na Malindi zimezoea kumfunga alama na kumwachilia. Shirika la African Billfish Foundation, lenye makao yake Watamu, huendesha mpango wa kuweka alama kwa kushirikiana na mashua hizo. Alama ni utepe mdogo wa plastiki wenye namba, unaochomekwa kwenye nyama ya mgongo kwa fimbo maalumu wakati samaki angali ubavuni mwa mashua. Kadi hujazwa tarehe, mahali na ukubwa uliokadiriwa. Samaki huyo akivuliwa tena popote na namba ikarejeshwa, hujulikana amesafiri umbali gani na kwa muda gani.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hii hulitaja kwa nadra. Alama iliyowekwa na mgeni haina faida yoyote hadi mtu mwingine aivue tena, na mara nyingi mtu huyo ni mvuvi wa kijijini mwenye jarife au mshipi wa mkono. Yeye havunji sheria kwa kumpeleka sulisuli sokoni Malindi, kwa kuwa ni chakula kinachopendwa, na kipande chake huwafikia watu ambao hawawezi kumudu bei ya jodari wa hoteli. Mpango wa uhifadhi unaomchukulia mvuvi huyo kuwa adui hujikatia nusu ya taarifa zake. Ukimtambua kuwa mshirika, ukamwendea bandarini, ukamweleza namba ile inasema nini na ukamshukuru kwa kitu kinachoshikika, alama zitarudi.

Watamu yenyewe ina mfano wa karibu. Kwa miaka mingi shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likipokea kasa walionaswa kwa bahati mbaya katika nyavu za wavuvi. Mvuvi hupiga simu, kasa huchukuliwa akiwa hai, hupimwa na kuachiliwa, na mvuvi hupewa kifuta jasho kidogo kwa muda aliopoteza na uharibifu wa wavu. Kasa analindwa na sheria, sulisuli halindwi kwa namna hiyo, kwa hiyo mifano hii haifanani moja kwa moja. Bado inaonyesha kwamba mvuvi hakatai kuachilia kiumbe kilicho hai. Anachokataa ni kubebeshwa peke yake gharama ya kukiachilia huku faida ikienda kwingine.

Nafasi ya kulifanyia kazi jambo hilo ipo tayari. Vitengo vya Usimamizi wa Fuo, maarufu kama BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, hukutanisha wavuvi, wachuuzi wa samaki na wenye vyombo katika kila bandari ya kutua samaki. Palipo na mazungumzo ya kweli kati ya BMU na wenye mashua za kukodi, hupangwa njia za kupita usiku ili mashua zisikate jarife zilizotandazwa, fidia hulipwa nyavu zinapokatwa bila kungoja chifu, na vijana wa bandari hupewa kipaumbele katika ajira. Pasipo na mazungumzo, kila upande huusimulia upande wa pili kwa wanahabari.

Masharti ya kimataifa

Samaki wa maji ya nje hawajui mpaka wa nchi, na usimamizi wao uko chini ya Kamisheni ya Tuna ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao yake Shelisheli, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama. Azimio lake namba 18/05 la mwaka 2018 liliweka viwango vya juu vya uvuvi wa mwaka kwa bahari yote: tani 3,260 kwa nduaro wa milia, tani 9,932 kwa nduaro mweusi, tani 11,930 kwa nduaro wa buluu na tani 25,000 kwa sulisuli. Azimio hilo pia lilikataza kubakiza samaki wa aina hizo aliye chini ya sentimita 60, kipimo kikichukuliwa kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye pacha ya mkia. Hali ya nduaro wa milia ndiyo mbaya zaidi. Tathmini za IOTC zimeonyesha mara kwa mara kwamba amevuliwa kupita kiasi. Yeye ndiye anayetafutwa Mlango wa Pemba kila Februari, na kumwachilia kuna uzito kuliko kumwachilia mwingine yeyote.

Azimio namba 12/09 la mwaka 2012 liliwataja wavuvi wa burudani moja kwa moja. Papa wenye mkia mrefu kama mundu waachiliwe wakiwa hai, wasibakizwe chomboni, wasiuzwe, na chombo kiwe na vifaa vya kuwaachilia. Mteja anayeshawishiwa kupiga picha na papa wa aina hiyo akiwa amening'inizwa gatini ajue kwamba picha hiyo ni ushahidi wa kosa.

Kuachilia nako kuna ufundi wake. Ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina, hushika pembeni mwa mdomo na mara chache sana hufika tumboni, kwa hiyo samaki huondoka na jeraha dogo. Mapambano marefu kwa mshipi mwembamba, yanayosifiwa na wapenda rekodi, humchosha samaki kiasi cha kumwua baadaye mbali na macho ya aliyemwachilia. Kumpandisha sulisuli juu ya mashua kwa ajili ya picha humuumiza viungo vya ndani na huondoa ute unaokinga ngozi yake. Picha nzuri hupigwa akiwa majini ubavuni mwa mashua, kisha huvutwa polepole mashua ikienda mbele ili maji yapite katika mashavu yake hadi apige mkia mwenyewe.

Mpaka wa kusini

Mashua zinazotoka Shimoni huvua karibu na mpaka wa bahari kati ya Kenya na Tanzania, ambao msingi wake ni makubaliano ya mwaka 1976. Leseni ya Kenya haina nguvu ng'ambo ya mpaka huo, wala cheti cha usalama cha Kenya hakimpi nahodha ruhusa ya kuvua upande wa Pemba, ambako kuna Hifadhi ya Mlango wa Pemba. Samaki aliyekamata ndoana upande mmoja anaweza kuivuta mashua hadi upande wa pili bila mtu kutambua, hasa mawingu yanapoficha visiwa. Kwa hiyo chombo cha Shimoni kisicho na kifaa cha kuonyesha mahali kilipo, chenye mpaka uliochorwa ndani yake, hakifai kukodiwa kwa safari ya kutwa. Karibu na hapo ipo pia Mbuga ya Baharini ya Kisite, ambayo ndani yake, kama Watamu na Malindi, mshipi hautupwi.

Mwananchi atakayeona utepe wa plastiki wenye namba kwenye samaki, awe mvuvi, mchuuzi wa sokoni au mpishi wa nyumbani, anaombwa asiutupe. Autunze pamoja na tarehe, mahali samaki alipovuliwa na urefu wake hata kama umepimwa kwa kamba, kisha aufikishe kwa BMU ya bandari iliyo karibu au kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti.